Paka wa Torinomachi: nakala ya Hiroshige iliyochapwa kwa mkono, uzoefu wangu

Nakala hii niliiagiza kwa sababu ya kitu kimoja tu: mwili wa paka. Picha ni ya Hiroshige, msanii wa Kijapani wa picha zinazochapwa kwa mbao zilizochongwa, mwaka 1857, katika mfululizo wa Mandhari Mia Moja Mashuhuri ya Edo, yaani Tokyo ya zamani. Paka mweupe amekaa dirishani Yoshiwara, mtaa wa madanguro wa Edo. Nje, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, watu wa sikukuu ya Torinomachi wanapita na reki zao za mianzi, zile za kuzolea heri ya biashara. Ni vijimtu vidogo mno. Sikukuu yenyewe utaiona zaidi sakafuni, kwenye pini za nywele zenye umbo la reki.

Mwili wa paka haukupakwa rangi. Ni karatasi tupu iliyosuguliwa juu ya ubao usio na wino mpaka ikatuna. Ukimulika kwa mbele huoni mwinuko. Laza tochi ubavuni mwa karatasi, mwinuko utajitokeza. Bango la ofseti, yaani lililochapwa kwa mashine, halina hilo. Kagua pia kwa lenzi ya mara 10, usikute vidoti vya rangi. Kisha geuza mgongo: rangi iwe imepenya, na zionekane alama za bareni, kile kisuguo cha mkono. Yangu ilifaulu majaribio yote, na wekundu wa anga unafifia taratibu bila mkato.

Nyota nne, si tano, kwa sababu muuzaji aliiviringisha ndani ya bomba. Nyuzi za kozo, mforosadi unaotengenezewa karatasi hii, ni ndefu, kwa hiyo karatasi haikupasuka, ila mgongo wa paka umelala kidogo. Dai itumwe bapa kati ya kadibodi mbili ngumu. Ikija imejikunja, usipige pasi wala usirundike vitabu juu yake. Ilaze siku tatu, uzito mwepesi pembezoni tu.

Kwenye fremu ndipo wengi huharibu. Kioo kikigusa karatasi, mwinuko umekwisha. Weka kati yao kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, unene usipungue milimita 2. Ishikize upande wa juu pekee, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Fundi akileta selotepu, mkatalie: huacha doa la njano lisilotoka. Jua lisiifikie kabisa, na mwanga usizidi luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi. Taa iwe ya ubavuni, la sivyo umemlipia paka usiyemwona.