Kusomea Kiingereza, fasihi na uzungumzaji Berea: unachopata na kinachowakwamisha wengi

Chuo cha Berea kipo katika mji mdogo wa jina hilohilo, kusini mwa Lexington, jimboni Kentucky, Marekani. Wanafunzi wake ni takriban 1,500. Tangu 1892 hakitozi ada ya masomo, na ndiyo maana vijana wa Nairobi na Dar es Salaam hutumiana habari zake kila msimu wa maombi. Kwa anayetaka kusomea Kiingereza, thamani kubwa kuliko hata hiyo ada ni kwamba darasa ni dogo na kila ukurasa unaoandika unasomwa na mhadhiri mwenyewe, kisha unarudishiwa ukiwa umejaa maswali.

Kila mwanafunzi, awe wa fizikia au wa fasihi, huanza na semina za uandishi. Insha haiandikwi usiku mmoja ikakusanywa asubuhi. Unaleta rasimu, wenzako wanaisoma, unakaa na mhadhiri kuijadili, unaiandika upya. Umbo la kawaida ni herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za inchi 1, na marejeo kwa mtindo wa MLA: jina la mwandishi na nambari ya ukurasa ndani ya mabano, kisha orodha kamili mwishoni. Haya hujifunzwa kwa wiki moja. Kinachochukua muhula mzima ni hoja.

Hapa ndipo wengi waliotoka shule zetu hukwama. Wamezoea kujibu kwa kutumia miongozo: dhamira ni umaskini, rushwa na nafasi ya mwanamke, kisha mifano kutoka vitabu viwili. Semina haina haja na orodha hiyo. Mhadhiri atauliza: ni sentensi ipi iliyokufanya useme hivyo, na mwandishi angebadilisha neno gani ili maana ipotee? Chukua soneti moja. Ni shairi lenye mistari 14. Isome kwa sauti mara tatu, weka alama kwenye silabi zenye mkazo, tafuta mahali ambapo wazo linageuka (mara nyingi mstari wa 9 au ule wa 13), zungushia maneno yanayorudiwa, kisha andika kurasa mbili kuhusu mgeuko huo peke yake. Hoja nzuri ni ile ambayo msomaji mwenye akili anaweza kuipinga. Ukinukuu mstari mmoja, ueleze kwa mitatu au minne. Nukuu iliyoachwa bila maelezo haithibitishi chochote. Na kunakili mwongozo bila kuutaja, jambo ambalo kwetu lingeweza kukupa alama, huku ni wizi wa kitaaluma na linaweza kukugharimu somo zima.

Uzungumzaji ni somo lenye mbinu zake, na Mkenya atashangaa kuliko wengine, kwa sababu stadi za mazungumzo katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutahiniwa kwa maandishi. Hotuba za darasani ni fupi, mara nyingi dakika 5 hadi 7, na kuzidisha muda hupunguza alama. Usikariri na usisome. Andaa muhtasari, kisha hamishia maneno makuu tu kwenye kadi tatu au nne. Ukiandika sentensi nzima macho yataganda kwenye kadi. Kwa hotuba ya kushawishi, hatua tano za Alan Monroe, mwalimu wa uzungumzaji wa Marekani, bado hazijachuja: vuta usikivu, onyesha tatizo, toa suluhisho, wafanye waone hali itakavyokuwa, waambie wafanye nini. Kosa la kawaida ni kutumia nusu ya muda kwenye salamu na shukrani.

Lafudhi yako haina ubaya wowote. Shida iko kwenye mkazo. Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi husema *photograph* wakikaza katikati, na msikilizaji anapotea. Jifunze mkazo wa kila neno jipya pamoja na maana yake. Tenganisha pia *ship* na *sheep*, *cat* na *cut*. Sauti za *think* na *that* hazitakusumbua, maana zimo kwenye *thamani* na *dhahabu*.

Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, angalau saa 10 kwa wiki. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inaruhusu hadi saa 20 za kazi chuoni wakati wa muhula, kwa hiyo sheria haivunjwi, lakini ratiba hubana. Huenda mwanzoni usipate kazi uitakayo. Baadaye omba maktaba au kuwasaidia wenzako na rasimu zao. Kuhariri insha za wengine hunoa Kiingereza haraka kuliko kozi yoyote ya sarufi.

Udogo nao una bei yake. Kozi nyingine hazifundishwi kila mwaka, basi panga miaka yote minne mapema pamoja na mshauri wako. Anayetaka kuzama kwenye fasihi ya Afrika au ya Uingereza ya kale atapata zaidi chuo kikubwa. Nguvu ya Berea iko kwenye uandishi wa milima ya Appalachia na wa Wamarekani Weusi: mwandishi bell hooks alifundisha hapa kuanzia 2004, na mwanahistoria Carter G. Woodson alihitimu 1903, mwaka mmoja kabla ya sheria ya Kentucky kupiga marufuku Weusi na Weupe kusoma pamoja.

Nafasi za wageni ni chache na ushindani ni mkali. Tenga dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na 185 za maombi ya viza, uliza chuo kwa maandishi kuhusu nauli ya ndege, na kagua masharti ya viza kwa nchi yako kabla ya kulipa chochote, maana hubadilika. Baada ya kuhitimu, ruhusa ya kufanya kazi Marekani kwa shahada ya Kiingereza ni miezi 12. Ile nyongeza ya miezi 24 ni ya sayansi na teknolojia, nayo haiwahusu wa fasihi.