Ellis Island: Usiishie Ukumbini

Nimetembelea makumbusho ya Ellis Island, kisiwa cha bandari ya New York walikopokelewa wahamiaji zamani. Nianze na hela, maana ndiyo iliyoniuma kwanza. Ukishuka Battery Park, kule Manhattan inakoishia majini, utafuatwa na vijana waliovaa vizibao vya rangi, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Watakwambia foleni ya boti ni masaa matatu, ila wao wana njia ya mkato. Mmoja alituuzia tiketi mbili. Boti ilikuwa safi, muziki upo, ikatuzungusha bandarini: Sanamu ya Uhuru hiyo, Ellis Island ile pale, pigeni picha. Kisha ikaturudisha palepale tulipopandia. Haikushusha mtu popote.

Basi msifanye kama sisi. Kampuni yenye ruhusa ya kupeleka watalii na kuwashusha visiwani ni Statue City Cruises, na tiketi zake zinapatikana mtandaoni au kwenye dirisha lililomo ndani ya ngome ya mawe iitwayo Castle Clinton, hapohapo bustanini. Ni kama dola 25 kwa mtu mzima, visiwa vyote viwili pamoja na kifaa cha kusikilizia maelezo. Makumbusho yenyewe hayana kiingilio.

Ukiwa kwenye foleni ya dirisha hilo, angalia kuta. Ngome hiyo ndiyo iliyoitwa Castle Garden, kituo cha kupokelea wahamiaji tangu 1855 hadi 1890, kabla Ellis Island haijafunguliwa. Watu zaidi ya milioni 8 walipita humo. Na moja ya sababu za kukianzisha ni kwamba wageni walikuwa wakishuka melini tu wanavamiwa na matapeli wa tiketi za treni na vyumba vya kulala. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kama mwehu. Tapeli wetu anafanya kazi ya urithi.

Sasa mjue anayeandika. Mimi ni mkalimani wa simu, Kiswahili na Kiingereza: hospitali, shule, ofisi za misaada, mara mojamoja mahakama ya uhamiaji. Nilikwenda na jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani. Namwita yaya, yaani dada mkubwa, kama kwao wadogo wanavyowaita wakubwa. Kwa hiyo msitarajie maoni ya mtalii.

Chumba cha kwanza ni cha mizigo. Pamerundikwa masanduku, vikapu na mafurushi ya watu waliovuka Atlantiki. Yaya alisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Yeye alifika na begi moja na ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao kila mkimbizi anayehamishiwa Marekani anaujua: ndani yake zimo karatasi zote, picha za eksirei ya kifua, kila kitu, na huruhusiwi kuupoteza. "Hawa walibeba mpaka matandiko," akasema, akiangalia furushi moja lililofungwa kwa kamba. Kisha akaukumbatia mkoba wake kidogo, kama mtu aliyekumbushwa.

Kutoka hapo unapanda ngazi kwenda ukumbi mkubwa, na hizo ngazi zilikuwa mtihani wenyewe bila mtu kuambiwa. Madaktari walikuwa wakitazama watu wanavyopanda: nani anahema, nani anachechemea, nani anaonekana kuchanganyikiwa. Sekunde chache tu kwa kila mmoja. Aliyetiliwa shaka alichorwa chaki kwenye koti: H ya moyo, L ya kuchechemea, E ya macho, X ya akili. Kisha vikope. Ugonjwa wa vikope ulikuwa tiketi ya kurudi, na daktari aliukagua kwa kupindua kope la jicho, mara nyingi kwa kindoano cha kufungia vifungo vya viatu. Kumbuka pia ni hasa abiria wa daraja la chini walioletwa kisiwani kupitia haya yote. Wa daraja la kwanza na la pili kwa kawaida walikaguliwa humohumo melini, kwa adabu, wakashuka zao.

Ukumbi wenyewe ni mzuri, nakubali. Dari lake la vigae liliwekwa 1918, baada ya mlipuko wa maghala ya silaha ya Black Tom ng'ambo ya maji mwaka 1916 kuharibu dari la zamani. Vigae zaidi ya 28,000, na walipokarabati jengo katika miaka ya 1980 ilibidi wabadilishe 17 tu. Fundi huyo angejenga barabara zetu! Tarehe 17 Aprili 1907 watu 11,747 walipita hapa kwa siku moja. Leo kuna mabenchi machache, mwanga kutoka madirishani, na watu wanajipiga picha. Wengi hupiga hizo picha wakateremka kuwahi boti. Wanakosea.

Ingia vyumba vya upande wa magharibi, palepale kwenye ghorofa ya ukumbi. Huko ndiko nilikotumia saa nzima, na ndiko nyota zangu zote zinakwenda.

Kuna maelezo ya maswali 29 ambayo mkaguzi alimwuliza kila mtu, kwa muda usiozidi dakika mbili hivi. Jina, unatoka wapi, nani amekulipia nauli, una fedha kiasi gani. Halafu lile moja: je, una kazi inayokusubiri? Mtu wa kawaida angeona hilo ndilo jibu la kujivunia. Kumbe ni mtego. Sheria ya 1885 ilikataza kuingiza vibarua waliokwisha kuahidiwa kazi kwa mkataba, kwa hiyo ukisema ndiyo, umejifunga. Ukisema huna na wala hujui utafanya nini, unaonekana utakuwa mzigo kwa serikali, na hiyo nayo ni sababu ya kurudishwa. Ilibidi useme sina, lakini nina nguvu, nitapata.

Nilisimama mbele ya swali hilo nikawaza kazi yangu. Mswahili akiniambia "kazi ipo", anaweza kuwa anasema huko aendako kazi zinapatikana, au kuna mtu kamshikia kazi tayari. Kwa Kiswahili sentensi hiyo inabeba yote mawili na hakuna anayeumia. Kwa Kiingereza lazima nichague upande. Wazia basi mkalimani wa 1907, nyuma yake watu elfu kumi, anachagua upande kwa sekunde moja.

Na wakalimani walikuwepo, wa lugha chungu nzima. Mmoja wao ni Fiorello La Guardia, aliyefanya kazi hiyo kisiwani kati ya 1907 na 1910 huku akisomea sheria, na baadaye akawa meya wa New York. Sisi wengine tumebaki kwenye simu.

Chumba nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha baraza la uchunguzi maalumu. Meza, viti, bendera, basi. Aliyezuiliwa aliletwa hapa mbele ya wakaguzi watatu, na karani na mkalimani. Wakili haruhusiwi katika kikao hicho. Ndugu anaweza kuja kutoa ushahidi. Ukishindwa, unakata rufaa Washington. Asilimia 2 tu ndio waliorudishwa katika watu karibu milioni 12 waliopita tangu 1892 hadi 1954, na kampuni ya meli ilipaswa kuwarudisha kwa gharama yake. Asilimia 2 inasikika ndogo mpaka ufanye hesabu: zaidi ya watu laki mbili. Yaya alipata neno lake papo hapo: "Hawa nauli ya kurudi walilipiwa. Mimi ya kuja bado nailipa." Ni kweli, tiketi ya ndege ya mkimbizi huwa ni mkopo.

Karibu na hapo kuna habari za vipimo vya akili, mafumbo ya vipande vya mbao ya kuunganisha na maswali ya hesabu ndogondogo. Kuna simulizi ya msichana mmoja aliyeulizwa ngazi huoshwa kuanzia juu au chini, akajibu hakuja Amerika kuosha ngazi. Nilimtafsiria yaya. Akafikiri kidogo. "Mimi ningewauliza kwanza: maji mnayo?"

Jambo jingine makumbusho yanalisema bila kumung'unya maneno: ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island waliwabadilisha watu majina si ya kweli. Wakaguzi walikuwa na orodha ya abiria iliyoandikwa upande wa pili wa bahari, wao walilinganisha tu. Majina yalibadilika baadaye, mara nyingi kwa mikono ya wenyewe. Wateja wangu nao wengi wana tarehe ya kuzaliwa Januari 1, na ukimwuliza atakwambia iliandikwa kambini, kabla hajaiona ndege.

Tangu 2011 kuna maonyesho ya ghorofa ya chini yanayoanza karne kadhaa kabla ya kisiwa hiki, wakiwemo walioletwa kwa minyororo. Usiyaruke. Wala usiondoke ukidhani kila mgeni Marekani alipokelewa kwa dakika mbili na ngazi. Ng'ambo ya pili ya nchi, kwenye kisiwa cha Angel Island karibu na San Francisco, kati ya 1910 na 1940, Wachina waliobanwa na sheria ya 1882 walizuiliwa wiki, wengine miezi, wakihojiwa hadi mpangilio wa nyumba za kijijini kwao. Walichonga mashairi kwenye kuta za mbao. Halafu hapa Ellis nako mlango ukafungwa: sheria ya 1924 iliweka idadi kwa kila nchi, Italia ikaachiwa watu 3,845 kwa mwaka, ukaguzi ukahamia kwenye balozi, na kisiwa kikageuka kuwa mahabusu zaidi kuliko mapokezi. Mfumo huo ulidumu hadi 1965. Yaya yeye ameingia kwa sheria ya wakimbizi ya 1980, na mahojiano yake yalifanyika Tanzania. Alipofika uwanja wa ndege aliyempokea ni dada wa shirika la misaada mwenye koti la ziada mkononi.

Ukuta wa majina ulioko nje, wenye majina zaidi ya laki saba, unalipiwa na familia, kwa hiyo usihuzunike usipoona la babu wa rafiki yako. Hospitali ya kisiwani ina matembezi yake ya kofia ngumu, tiketi mbali. Magoti ya yaya yalikataa. Mwenye gari apandie Liberty State Park upande wa New Jersey, boti za huko zinaanzia Ellis, utafika bado una nguvu.

Nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na yule kijana wa kizibao, ingawa makumbusho hayahusiki.

Boti ya kurudi tuliipata ikiwa imejaa, tukasimama. Nilikuwa nakunja tiketi nizitupe, yaya akanishika mkono. "Karatasi haitupwi, mdogo wangu." Akazitia mkobani, nami nikaona mle ndani, zimebanwa vizuri kwa kipini, hata zile mbili za tapeli.