Kelele zenye hoja: uzoefu wangu na albamu ya Refused ya 1996

Kama muziki wa siasa kwako ni kadongo kamu wa hapa Uganda, mtu na gitaa lake moja, kisa kinachoeleweka neno kwa neno hadi shangazi anaitikia akiwa jikoni, albamu hii itakuudhi mapema. Dennis Lyxzén, mwimbaji wa Refused, haimbi, anafoka. Anafoka tangu sekunde za mwanzo, na usipokuwa na mashairi mbele yako utaambulia neno hapa na neno pale. Mimi nimekulia kambi ya jeshi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya amri, na sauti yake ilinikumbusha sajini wa gwaride saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo sikushtuka sana. Mke wangu alihamia chumba kingine.

Albamu inaitwa Songs to Fan the Flames of Discontent, yaani nyimbo za kuchochea moto wa kutoridhika. Refused ilikuwa bendi ya vijana wa Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi, na hii waliitoa mwaka 1996. Ni nyimbo 12, nusu saa na dakika chache tu. Muziki wenyewe ni panki ya hadikoo (hardcore punk) iliyotiwa metali (heavy metal): haraka na hasira ni za panki, uzito wa magitaa ni wa metali. Nakala yangu ya kwanza nilipewa na rafiki wa Nairobi kwenye flashi, imeminywa mpaka imekuwa kelele za bati. Spotify ilipofunguliwa Uganda mwaka 2021 ndipo nikaisikia inavyopaswa, nikagundua kumbe humo ndani kuna na besi.

Kinachonirudisha kila mara ni ngoma. David Sandström anapiga kama mtu asiyetaka mwenzake yeyote apumzike, halafu ghafla anakata mwendo, magitaa yanashuka naye, na wimbo unageuka mzito kuliko ulivyokuwa. Rather Be Dead, wimbo wa kwanza, unafanya hivyo vizuri kuliko yote. Gitaa linasimama na kuanza, linasimama na kuanza, na kiitikio chake ni rahisi mpaka hata mimi nisiyejua mashairi mengine nakifoka nikiwa peke yangu: heri kufa kuliko kuishi kwa mpango wa anayekukandamiza. Sijui wimbo mwingine wa dakika tatu unaosema hivyo bila kupaka mafuta.

Jina la albamu wamelichukua kwenye kitabu cha nyimbo cha IWW, chama cha wafanyakazi kilichoundwa Chicago mwaka 1905. Kitabu hicho kidogo kilianza kuchapwa mwaka 1909 ili wafanyakazi waimbe kwenye migomo, na mtunzi wake anayekumbukwa zaidi ni Joe Hill. Huyo naye alikuwa Mswidi, mzaliwa wa Gävle, aliyehamia Marekani mwaka 1902. Alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 1915 akapigwa risasi na kikosi cha serikali huko Utah, huku watu wengi wakilia kwamba kesi haikuwa ya haki. Nilipolijua hilo nikaacha kuwaona Refused kama vijana waliokosa kazi ya kufanya. Hasira yao ina ukoo.

Ila ukoo hauwalindi kila mahali. Wimbo wa pili unaitwa Coup d'état, yaani mapinduzi ya serikali. Simu ilikuwa mezani, mzee wangu, aliyewahi kuvaa magwanda, akaliona jina kwenye kioo, akaniuliza, "Mwanangu, huo ni wimbo au tangazo?" Kwake yeye mapinduzi ni kitu kinachoanzia redioni, kama jeshi lilipoipindua serikali hapa Uganda: Januari 25, 1971, kisha tena Julai 27, 1985. Wanaoufoka wimbo huo wametoka nchi ambayo haijapigana vita tangu 1814. Huko Uswidi hata bendi changa husaidiwa kupata chumba cha mazoezi na vyama vya elimu ya watu wazima vinavyopewa ruzuku na serikali! Mwanamuziki wa Kampala akisikia hayo atacheka mpaka akae chini. Siwaonei wivu, au labda nawaonea kidogo, lakini wanapocheza na neno hilo nasikia watu ambao hawajawahi kufunga mlango mapema kwa sababu ya wimbo wa kijeshi redioni.

Wanaponishika ni pale wanapoacha mapinduzi na kugusa kazi, kununua, na uhuru unaouzwa. Worthless Is the Freedom Bought..., yaani uhuru ulionunuliwa hauna thamani: kichwa chake pekee kinatosha kwa mtu anayeamka alfajiri kulipia mkopo wa boda ambayo bado si yake. Hapo sihitaji kujua Umeå iko wapi.

Kasoro nyingine: sauti ya Lyxzén haibadiliki. Baada ya wimbo wa saba masikio yangu huacha kutofautisha, na nyimbo za nyuma zinaingiliana hata kama kila mmoja peke yake ni mzuri. Naisikiliza kwa vipande viwili. Mwaka 1998 walitoa The Shape of Punk to Come, yenye sauti nyingi zaidi na inayosifiwa zaidi, lakini mimi narudi kwenye hii kwa sababu haina mapambo.

Kama ulifikia muziki huu kupitia Duma, bendi ya wale wawili wa Nairobi waliorekodi albamu yao hapa Kampala na kuitoa kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020, utaiona Refused ina mpangilio karibu wa adabu. Anza na Rather Be Dead, kisha ruka hadi Worthless Is the Freedom Bought... Tumia vipokea sauti vya masikioni vyenye besi ya kweli, kwa sababu kwenye spika ya simu ni nyuki tu. Soma mashairi kabla ya kusikiliza. Naipa nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki imechukuliwa na Coup d'état.