Fremu laki nane kwa mwezi, ruhusa ya kuweka sinki milioni tatu na laki mbili

Haya nayaandika kwa ajili ya yeyote anayetafuta fremu, yaani chumba cha biashara, kwenye majengo mapya ya Dar es Salaam huku biashara yake inahitaji maji, umeme mkubwa au kugusa ukuta. Mimi nina saluni ya kike. Kwa miaka sita nilipanga kwenye nyumba ya mzee mmoja Sinza, fremu inayotazama barabara. Nikitaka kutoboa ukuta nampigia simu, ananiambia, "Toboa mwanangu, ila mwambie fundi asikate nondo." Mazungumzo yanaishia hapo.

Mwaka jana nikahamia jengo jipya la ghorofa tano, mitaa hiyo hiyo. Jina lake naliacha, maana bado ni mpangaji wao, na wenzangu walio kwenye majengo mengine mapya wananisimulia mambo yale yale.

Fremu yangu iko ghorofa ya kwanza, mita za mraba 40. Kodi ni 800,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo, na dalali anachukua mwezi mmoja wake. Nilikabidhiwa zege tupu: hakuna marumaru, hakuna dari, kuna bomba moja la maji kwenye kona na waya wa umeme umening'inia. Dalali alisifia hilo kabisa. "Dada, hapa unajitengenezea upendavyo." Niliamini. Mkataba nao ulisema marekebisho yatafanywa kwa idhini ya maandishi na kwa gharama za mpangaji. Nikaelewa kwamba nitamlipa fundi wangu na kununua vifaa vyangu, basi.

Siku moja baada ya kulipa, meneja wa jengo akanipa karatasi nyingine, kurasa nne, inaitwa mwongozo wa marekebisho. Humo ndimo gharama zilimokuwa.

Kwanza ada ya kupitia michoro, 300,000. Michoro nilishamlipa mtu mwingine anichoree, hii ni ya wao kuitazama. Waliitazama kwa siku 19. Kodi ilianza kuhesabiwa siku niliyopokea funguo, kwa hiyo zaidi ya laki tano yangu imeteketea kwa chumba ambacho sikuruhusiwa kupigilia hata msumari. Hili ndilo ningelidai mwanzo kuliko lote: kodi ianze siku kibali kinapotoka, au nipewe mwezi mmoja wa matengenezo bila kodi. Jirani yangu wa duka la simu aliomba akapewa. Mimi sikujua kama linaombwa.

Halafu umeme. Saluni yenye draya nne na hita ya maji haiwezi kukaa kwenye waya mmoja, nilihitaji fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme zinazogawana mzigo. Fundi wangu alishanipa bei ya laki nne na nusu kwa boksi la umeme na nyaya. Jengo likasema boksi linafungwa na fundi wao tu, kwa 950,000. Kutoboa zege kwa ajili ya mabomba ya maji machafu ni hivyo hivyo, mtu wao, matundu matatu kwa 120,000 kila moja. Mizigo inapanda usiku tu kwa lifti ya mizigo, 30,000 kwa usiku. Saruji, marumaru na jipsamu zikanichukua siku sita.

Ila lililoniuma ni usimamizi. Mwongozo unasema mpangaji atalipa asilimia 15 ya gharama za marekebisho kama ada ya kusimamia. Tatizo ni kwamba gharama hizo ni pamoja na vifaa. Maana yake nikinunua marumaru nzuri zaidi, mwenye jengo anapata zaidi, wakati kazi ya kumsimamia anayezibandika ni ile ile. Na hesabu yao ya kwanza ilikuwa ya milioni 12, kwa sababu walijumlisha viti vya kukalia wateja, vioo na draya zangu. Nikapanda ofisini na risiti mkononi. Nikamwambia meneja, "Kaka, kiti nikihama nakibeba. Hiki si sehemu ya jengo lenu." Alikaa kimya kidogo, akachukua kalamu, akakata mstari. Milioni mbili na laki sita zikatoka kwenye hesabu, ada ikashuka kutoka 1,800,000 hadi 1,410,000. Kalamu hiyo iliniokolea 390,000 kwa dakika kumi, na nisingefungua mdomo ningezilipa.

Jumlisha michoro, umeme, matundu, lifti na usimamizi, unapata 3,200,000. Ni kodi ya miezi minne kamili, na hapo fundi wangu sijamtaja. Nje ya hizo kuna dhamana ya 1,500,000 inayorudishwa kazi ikiisha salama. Mimi nilirudishiwa baada ya miezi mitatu, imekatwa 150,000 kwa mkwaruzo ndani ya lifti. Sikuwa na picha ya lifti ilivyokuwa kabla, sikuwa na la kujibu. Na bango la nje ni 50,000 kila mwezi.

Lipo walilofanya vizuri, na nalisema kwa moyo wote. Chini yangu kuna duka la vitambaa. Injinia wao alinikataza kubandika marumaru upande wa sinki mpaka sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji na ijaribiwe. Tukaziba matundu kwa matambara, tukajaza maji kina cha vidole vitatu, tukafunga mlango. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yamepungua kidole kizima. Bomba la sinki ya katikati lilikuwa linavuja kwenye shingo, pale linapoingia kwenye zege. Fundi wangu wa mabomba, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi, alipiga magoti akalitazama akasema, "Hili lingetuaibisha." Vitenge vya watu vingeharibika na ningevilipa mimi. Kwa usimamizi wa namna hiyo nalipa bila kinyongo. Ningependa tu nilipie kazi hiyo yenyewe kwa bei inayojulikana, badala ya asilimia ya bei ya marumaru.

Kwenye kodi za serikali kuwa makini pia. Kisheria mpangaji mfanyabiashara anakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kutoka kwenye pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Mkataba wangu uliandika kwamba laki nane ni kiasi anachopokea mwenye jengo mkononi, kwa hiyo asilimia hiyo imeniangukia mimi. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 nao nimelipa mimi. Na kwa ada ya usimamizi nilipewa karatasi yenye muhuri tu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliidai wiki mbili ndipo ikatoka. Bila hiyo risiti huwezi kuiingiza ada hiyo kwenye matumizi ya biashara yako.

Kilichobaki ni kifungu cha kuondoka. Mwongozo unataka nikihama nirudishe fremu kuwa zege tupu: ning'oe marumaru, nizibe matundu, nishushe dari. Ni kulipa kuviweka na kulipa kuviondoa, hata kama anayekuja baada yangu naye ni msusi. Mkataba unaisha Januari na wateja wangu wameshazoea hapa, kwa hiyo nimeandika barua: dari, marumaru na mabomba vibaki na jengo, kifungu kifutwe, na kodi isipande kwa miaka miwili. Wamenijibu kwa maandishi. Kifungu wamekubali kukifuta. Kodi wameniahidi mwaka mmoja, na wiki ijayo napanda tena kuuombea wa pili.