Pikipiki ya kujifunzia: ndogo au kubwa? Naipanga kuanzia ya kununua hadi ya kuikimbia

Swali hili huwa naulizwa na mtu ambaye hajawahi hata kukaa kwenye siti ya pikipiki ila rangi kashachagua. "Nichukue 150 au niende moja kwa moja 600, maana ndogo si nitaichoka?" Jibu fupi ni chukua ndogo. Jibu refu ni kwamba cc (ukubwa wa injini, ndio hizo 150 na 600) sio kitu cha kwanza cha kuangalia, cha kwanza ni uzito, cha pili urefu wa siti, alafu ndio cc zifuate.

Mi nilianzia kubwa. Rafiki yangu aliniachia 650 yake, barabara imenyooka, nikaenda, nikarudi, nikajiona fundi tayari. Nikafika njia panda nikasimama, mguu wa kushoto ukakanyaga changarawe ukateleza kidogo tu, sijui kama hata sentimita tano zilifika, na pikipiki ikaanza kulala. Haikuanguka kwa kishindo, ililala taratibu kabisa huku mi nimeing'ang'ania navuta kwa nguvu zangu zote, na kilo mia mbili zikishaanza kulala huzirudishi. Mkono wa klachi ukakatika, saiti mira kwisha, nikalipa, na jamaa alininunia mwezi mzima. Ingekuwa ya kilo 110 ningeiegemeza tu kwenye paja nikaendelea na safari zangu.

Na hapo ndipo watu hawaelewi. Spidi haihitaji kufundishwa, pikipiki ikishatembea inajisimamia yenyewe, kazi iko kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu: kugeuza kwenye njia nyembamba, kusimama kwenye mlima ukaondoka bila kurudi nyuma, kuachia klachi nusu ukaisikia inaanza kushika alafu ukaibakiza hapohapo. Hiyo sehemu inaposhikia ina upana kama wa kidole na mkono unaizoea kwa kurudia mara mia. Huwezi kurudia mara mia kama kila ukisimama unaogopa itakulalia mguuni.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja, bila kufikiria mara mbili, 125 mpaka 150 yenye gia za mguu na klachi ya mkono, siti ya kawaida, usukani wa kawaida. Zile za aina ya Honda CG125 au Yamaha YBR125. Hiyo CG ilitoka 1976 na Honda waliibuni wakijua kabisa inaenda kwa watu ambao sevisi wanaiahirisha, vali zake zinasukumwa na vijiti badala ya cheni ya taimingi, yaani kitu kimoja pungufu cha kulegea. Nguvu ni kama farasi 10, 11 hivi, kwa hiyo ukikosea kuvuta mafuta (ule mshikio wa kulia unaouzungusha) inanguruma tu haikurushi. Ubaya wake upo na siufichi: kwenye barabara kuu ukitaka kulipita lori unahesabu kwanza, na ukibeba mtu mlimani unashusha gia mapema la sivyo inakufia njiani. Ila kwa miezi sita ya kwanza hakuna cha kuishinda.

Namba mbili ni 250 mpaka 400. Hii nampa mtu ambaye ana uhakika kila siku atakuwa barabara kuu, au mwenye mwili mkubwa ambaye kwenye 125 magoti yanagusa usukani. Lakini humu ndani zinatofautiana sana usizichukulie kama kitu kimoja. Honda Rebel 300 siti yake iko chini, kama sentimita 69, hata mfupi anakanyaga chini kwa nyayo nzima. KTM 390 Duke ni nyepesi kweli ila siti inapita sentimita 80 na mafuta yake yana haraka, ukigusa imeshaondoka. Kawasaki Ninja 400 ina kilo kama 168, imetulia kuliko sura yake inavyosema, tatizo ni lile ganda la plastiki pembeni: ikilala mara moja umesimama unalipia ganda, na itakulalia tu.

Namba tatu, zile za aina ya Honda Cub, gia unazo ila mkono wa klachi hamna, unakanyaga tu inaingia. Super Cub iko sokoni tangu 1958 na ilipofika 2017 zilishatengenezwa zaidi ya milioni 100, kwa hiyo mtu asikwambie ni mchezo wa watoto. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu, haikufundishi klachi, siku ukihamia nyingine unaanza upya. Kama we shida yako ni kufika kazini na kurudi na huna mpango wa kuhama, ipandishe iwe ya kwanza, sitabishana na wewe.

Namba nne, 500 za silinda mbili, Rebel 500 na familia ya CB500. Hizo CB zilitengenezwa ziingie ndani ya kikomo cha leseni ya pikipiki ya daraja la kati huko Ulaya, kilowati 35, na injini zake ni pole. Uzito ndio unaniudhi, kama kilo 190. Mtu mzima mwenye miguu mirefu na mwalimu wa ukweli anaweza kuanzia hapa, wa kujifunza na binamu Jumapili jioni asithubutu.

Mwisho kabisa, 600 za mashindano, mfano Yamaha R6. Cc 599, nguvu inapita farasi 100. Ngoja nikuonyeshe inavyoua mwanafunzi. Unaachia klachi ghafla, pikipiki inaruka mbele, mwili wako unabaki nyuma. Mkono wa kulia umeshika mafuta, na kwa kuwa unaogopa kuanguka unaukaza zaidi, na kadri mwili unavyorudi nyuma ndivyo kifundo cha mkono kinavyoshuka na mafuta yanazidi kuvutika. Kwenye 125 kosa hilohilo linakupeleka mita mbili unacheka. Kwenye hii unapelekwa ukutani, na akili haijapata muda wa kukwambia achia.

Sasa lile la "nitaichoka". Ndio, utaichoka, ndio maana unanunua iliyotumika sio mpya! Ukiitunza, baada ya mwaka unaiuza kwa bei isiyopishana sana na uliyonunulia. Mpya ukiilaza siku ya pili unalia, iliyotumika yenye michubuko unaongeza mchubuko. Na hela inayobaki weka kwenye helmeti inayokubana vizuri, glavu na viatu vinavyofunika kifundo, hapo sina maneno mengi.

Kabla hujatoa hela, fanya haya ukiwa palepale. Kaa juu yake na viatu utakavyovaa, zile sehemu za mbele za nyayo zote mbili ziguse chini. Alafu isukume kinyumenyume kwa miguu tu ukiwa umekaa, ikikushinda hapo kwenye sakafu tambarare, kwenye mteremko usiitarajie. Muombe mwenyewe uilaze kwenye majani uiinue (wengi watakataa, si mbaya kuuliza). Kuinua ni hivi: zima, weka gia ya kwanza, kama imelalia kulia toa stendi kabisa kabla hujagusa, geuka uipe mgongo, makalio kwenye siti, mkono mmoja usukani mwingine chini ya siti, alafu tembea kinyumenyume kwa hatua ndogo. Ni miguu inayoinua, sio kiuno.

Ukimaliza angalia shokapu za mbele kama zina mafuta yanayovuja, cheni isiwe inaning'inia, geuza usukani usikie kama unakwama katikati. Tairi ina tarakimu nne pembeni, 2321 maana yake wiki ya 23 mwaka 2021, tairi ya zamani inakuwa ngumu hata kama meno yapo. Na kabla ya yote hayo, ukifika tu gusa injini. Ikiwa ya moto ina maana muuzaji kaiwasha kabla hujaja ili usione inavyosumbua asubuhi, muage vizuri mwambie utarudi kesho saa moja, na asiiguse.