Nimeandikiwa hataza ya riteina ya sili ya pampu: huduma mbili, moja imenilia pesa, ya pili naipa nyota nne

Assalaam alaykum. Mie fundi pampu, karakana yangu ipo Mwanakwerekwe hapa Zanzibar, kazi zangu nyingi ni za mahoteli ya shamba, Paje, Jambiani mpaka kule Makunduchi. Naandika kwa sababu nimetumia huduma mbili za kuandikiwa maombi ya hataza, yaani ile haki ya kisheria ya mtu kumiliki alichokivumbua, na uchunguzi wake nimeupitia mpaka mwisho, na mafundi wenzangu wananiuliza kila siku mambo yaleyale, basi bora niyaandike mara moja. Majina ya ofisi siweki hapa, hata ile nzuri, sijamuomba ruhusa mwenyewe. Anaetaka aje karakana nimwambie.

Kwanza kitu chenyewe, maana wengine mtaniuliza riteina ndo nini. Kwenye pampu, pale shafti inapotoka kwenye maji kwenda kwenye mota, pana sili. Sili ina nyuso mbili, moja inazunguka na shafti na nyengine imekaa tu, mara nyingi moja ni ya kaboni na nyengine ya siramiki au silikoni kabaidi, na baina yao pana utando mwembamba wa maji, hauonekani kwa macho. Nyuso hizo viwandani zinasawazishwa mpaka usawa wake unapimwa kwa mistari ya mwanga wa taa ya heli, mstari mmoja ni kama maikroni 0.29, na maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu, sasa piga hesabu hapo chembe moja ya mchanga inafanya nini. Kaboni haijishiki wenyewe. Inashikwa na kibati cha stenlesi mfano wa kikombe, kinaizungusha pamoja na shafti na kinazizuia springi zisitoke. Hicho kikombe ndo riteina. Watu hawakiangalii kabisa, wanaangalia kaboni na oringi, ile pete ya mpira, tu.

Tabu yetu huku ni maji. Visima vya pwani ya mashariki vina chumvi na mchanga laini wa matumbawe, hoteli ikifunga msimu wa masika pampu inakaa wiki kadhaa haiendi, maji yanashuka, chumvi inaganda chini ya springi na mchanga umo ndani yake, siku wageni wakirudi wanawasha mota, springi imeshika, kaboni haiusogelei uso wa pili, maji yanachirizika mpaka kwenye beringi na hapo ishakuwa kesi nyengine. Ukifungua, kaboni unaikuta bado nzima kabisa! Lakini riteina nyingi masikio yake, vile vibati vya kuishikia kaboni, yamekunjwa kiwandani, ukiyafungua yanakatika, kwa hivo unatupa sili nzima kwa sababu ya chumvi ya kijiko kimoja. Hicho kitu kimeniuma miaka.

Basi nikakereza yangu. Masikio matatu yenye ndoano, unaikandamiza kaboni, unazungusha robo, springi yenyewe inaifunga. Na ile sakafu wanayokalia springi nikaipa mteremko kwenda nje, inaishia kwenye matundu marefu matatu nyuma ya masikio, ili shafti ikizunguka mchanga urushwe nje. Wakati ule nikiulizwa umevumbua nini nilikuwa nasema ndoano. Kumbukeni hilo.

Huduma ya kwanza nilipata kwa kuelekezwa na mtu. Huyo bwana hakuja karakana, hakuomba hata kukishika kitu, kaniambia nimtumie picha tatu kwa WhatsApp na pesa ya mwanzo laki nne. Baada ya wiki mbili kanitumia karatasi saba zimejaa maneno makubwa, dai la kwanza kabisa, na dai ndo yale maneno yanayosema hasa kipi unasema ni chako, limeandikwa kifaa cha kuzuia maji yasivuje kwenye pampu. Sasa jamani, hicho si changu, hiyo ni sili yenyewe, na sili zipo kwenye mapampu tangu mimi sijazaliwa. Mwanangu anaesoma chuo kikuu, SUZA, alipoiona akaniuliza, baba, huyu kaangalia kwanza kama kipo? Akafungua Espacenet, ni bure, ni mtandao wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya una hati zaidi ya milioni 150, akatafuta kwenye fungu F16J 15/34, ndo fungu la sili za nyuso zinazosuguana, na jengine F04D 29/12 la sili za shafti za pampu, na usiku uleule tukaona riteina za kila namna, za Wajerumani, Wamarekani, Wajapani. Nilikaa mpaka saa nane za usiku naangalia michoro tu. Nilimpigia yule bwana nikamwambia anirejeshee japo nusu, hakunirejeshea mpaka leo na simu hapokei. Nyota hapo sina ya kumpa.

Huduma ya pili ni ya binti mmoja wakili, ofisi yake ipo ghorofani Mji Mkongwe, anafanya kazi na mzee mmoja mhandisi mstaafu anaechora. Hawa walikuja wenyewe Mwanakwerekwe. Yule binti akaivua pete yake akaiweka mfukoni, akaichukua riteina, akapitisha ukucha pale ndani, akasimamisha kidole.

"Ami, na huu mteremko wa nini?"

Nikamwambia aa, huo nimekereza tu mwanangu, mchanga utoke.

"Umekereza tu? Hebu nioneshe unavotoka."

Basi nikaitia riteina kwenye drili ya betri, nikaweka springi na kijiko cha mchanga wa Jambiani ulionata na maji ya chumvi, nikaizungusha ndani ya ndoo nyeupe. Ule mchanga uliruka ukaandika mistari mitatu kwenye ukuta wa ndoo, mitatu kamili, tundu moja mstari mmoja. Yule mzee aliinama kwenye ndoo hasemi kitu, halafu akatoa kipimo cha pembe akapima mteremko, nyuzi 12, akaandika. Kisha akaniuliza nyuzi 5 ingekuwaje, nyuzi 20 ingekuwaje, nikamwambia 5 mchanga unabaki, 20 springi zinateleza zinakaa upande. Akaandika yote hayo. Wakakaa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, wamesali msikiti wa jirani na wamerudi tena baada ya chakula. Hapo ndo nilipojua nipo mahali pazuri.

Jengine walilonifanyia siku ileile: nilikuwa nimeweka video ya ile drili kwenye steitasi yangu, nadhani saa moja tu imekaa. Binti akaniambia ami itoe sasa hivi, kitu ukishakionesha hadharani kabla ya kupeleka maombi mchunguzi, yule wa ofisi ya hataza anaeyakagua maombi, anaweza kukwambia si kipya tena, hata kama aliekionesha ni wewe mwenyewe. Nikaitoa. Mafundi tunapenda kuonesha kazi zetu, na sioni vibaya, lakini subirini tarehe ya maombi kwanza.

Na akanieleza kitu ambacho yule wa kwanza hakukigusa kabisa, kwamba Zanzibar tuna sheria yetu ya mali za viwanda, Namba 4 ya 2008, na usajili wake upo kwa BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara na mali, bara wana yao na BRELA yao, kwa hivo usichukue karatasi ya kule ukadhani inakulinda huku. Mie nina wateja Mombasa pia, ndo tukakaa tukatazama na njia ya ARIPO, shirika la mali za ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, makao yake Harare, inayofanya kazi kwa Itifaki ya Harare ya 1982, ambako kwa ombi moja unataja nchi wanachama unazozitaka na uchunguzi wa kitu chenyewe unafanywa kule. Tukaenda na hiyo.

Sasa uchunguzi. Ripoti ilipokuja nilihisi nimenyang'anywa kitu mkononi. Dai la kwanza, la ndoano na kuzungusha robo, mchunguzi kalikataa lote, kataja hati moja ya zamani ya Kimarekani, nikaitazama ile picha, wallahi ndoano zilezile, yule mtu alikuwa na wazo langu mie bado nasoma skuli. Sikulala vizuri siku mbili. Binti akaniita ofisini, akanipa chai, akaniambia tuisome polepole maana ripoti ina mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya.

La kwanza ni upya. Hapo mchunguzi lazima akute kila kipande cha dai lako ndani ya hati moja, moja tu, hawezi kuokota sikio huku na springi kule. Dai la kwanza lilikutwa lote kwenye ile ya Mmarekani, basi limekwenda, hakuna cha kugombana. La pili ni hatua ya uvumbuzi, na hapo anaruhusiwa kuchukua hati mbili akaziunganisha, anauliza je fundi wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hii angezichanganya mwenyewe bila kuumiza kichwa? Dai letu la tatu lilikuwa la mteremko na matundu. Mchunguzi kakubali kwamba kwenye ile hati ya kwanza halimo, lakini kaleta hati nyengine yenye sili ya mashine ya kuchanganyia dawa, nayo ina matundu, akasema fundi angeyahamishia tu.

Binti akanigeuzia ule mchoro wa pili. "Ami, wewe ndo fundi wa kawaida mwenye ujuzi. Ungehamishia?"

Nikautazama sana. Yale matundu yapo kwenye upande usiozunguka. Kazi yake ni kupitisha maji ya kupooza nyuso, yanaingia kutoka nje, na sakafu yake imenyooka. Nikamwambia mwanangu, ukihamisha haya kwenye riteina inayozunguka bila ya mteremko, mchanga utajaa kwenye kona ya sakafu, tundu lipo na mchanga umekaa pembeni yake, mie nimeshafanya hivo kwenye ya mwanzo kabisa, ninayo kwenye kopo. Akasema nenda kailete. Nimetoka Mji Mkongwe kwa daladala mpaka Mwanakwerekwe nikarudi na kopo.

Jibu lililoandikwa ndo hilo hilo kwa maneno ya kisheria. Dai la kwanza na la tatu likafanywa moja, ndoano pamoja na mteremko na matundu nyuma ya masikio, na hoja kwamba matundu ya ile hati ya pili yanaingiza maji ya kupooza na ya kwetu yanatoa mchanga kwa nguvu ya mzunguko, na kwamba ukichanganya hati zote mbili hupati mteremko kwa sababu hauko popote. Na tuliweza kusema hivo kwa sababu mteremko, nyuzi 12, na ile habari ya 5 na 20, vyote vilikuwemo kwenye maombi tangu siku ya kwanza. Maombi yakishaingia huwezi kutia kitu kipya, unaweza kupunguza na kuunganisha kilichomo tu. Ningeenda na zile karatasi saba za yule bwana, pasingekuwa na mteremko wa kukimbilia. Kila nikifikiri hilo moyo unanidunda.

Mchunguzi akakubali. Nimepata dai dogo kuliko nililolitaka, mtu anaweza kutengeneza riteina ya ndoano na simuwezi, na haki yake, ya Mmarekani yule ilikuwepo kabla yangu. Lakini ule mteremko ni wangu, miaka 20 kuanzia tarehe ya maombi maadamu ada za kila mwaka nalipa. Na kusema kweli ripoti ile ndo ilonifundisha nimevumbua nini, mie mwenyewe nilikuwa sijui.

Nyota ya tano nimeizuia kwa mambo mawili. Ada za serikali na ada yao waliziandika kwenye risiti moja kwa jumla, nimeuliza mara tatu ndo wakanichambulia, na hili mteja asiulize, lije lenyewe. Na zile ada za kila mwaka nilizijua mwishoni kabisa, wakati ni kitu cha kuambiwa siku ya kwanza kabla mtu hajatoa hata shilingi, fundi mwenye watoto wa skuli anahitaji kupanga. Nimemwambia binti hivyo usoni, kakubali na kaomba radhi. Simu pia siku za Ijumaa baada ya sala hazipatikani, ila hilo siwalaumu sana.

Bei yao ni kubwa kuliko ya yule wa kwanza, karibu mara mbili, na muda ni mrefu, msiende mkidhani ni jambo la mwezi. Kama kitu chako ni kubadilisha rangi au saizi tu usiende, utapoteza pesa, kaa na kijana wako usiku mmoja kwenye Espacenet au PATENTSCOPE, mtandao kama huo wa WIPO, shirika la dunia la mali za ubunifu, uangalie kwanza. Kama umeangalia na bado unaona kimebaki kitu, nenda kwao. Chukua kile kipande kinachofanya kazi, chukua na vile vilivyokushinda vyote usivitupe, na kama kazi yako ni ya mchanga na maji kama yangu, chukua na ndoo nyeupe.