Tahadhari: mchoraji wa tai ukutani anayepokea pesa na kutoweka, Nairobi

Ndugu na marafiki, naandika kwa hasira na kwa aibu, kwa sababu ukuta ambao wengi wenu mlikuwa mkiusubiri umebaki na tai asiye na macho wala kucha, na aliyemchora hapokei simu.

Wanaoniuliza niliwezaje kumwamini mtu wa mtandaoni wangekuwapo sebuleni jioni ile wangemwamini pia. Alivua viatu mlangoni, akaupapasa ukuta kwa kiganja, akauliza kama bafu liko upande wa pili, swali ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi yeyote wa rangi. Kisha akanieleza kwamba tai wa kishungi kirefu ana jicho la manjano na manyoya ya kahawia inayokaribia weusi, kwamba yule mwenye taji wa Msitu wa Karura ana mabawa mafupi na mapana ya kupenya kati ya miti, na kwamba mchoro wa kisasa hauhitaji kila unyoya bali pembetatu chache zilizopangwa vizuri. Tapeli gani anayajua hayo? Nilimtumia shilingi 20,000 za rangi kwa M-Pesa tukiwa bado tumesimama.

Siku ya kazi alituomba tufunge mapazia, tuzime taa na tukae chumbani. "Mama, mchoraji akitazamwa mkono hutetemeka," alisema. Aliponiita, mistari ya chaki ilikuwa imeenea ukuta mzima, mabawa yamelingana kulia na kushoto, mdomo umepinda inavyotakiwa, hata mama mkwe, ambaye mnajua hasifu kitu, akapiga makofi. Ni katika furaha hiyo aliposema kuwa rangi ya dhahabu imepanda bei na duka la mjini linakaribia kufungwa, nami nikamwongezea 15,000. Akapaka weusi kuzunguka ndege, akaaga kwenda kununua dhahabu yake, na hadi leo hajarudi. Weusi wenyewe ni rangi ya mafuta iliyopakwa bila ukuta kupigwa msasa, na umeanza kubanduka.

Waya wa projekta tuliukuta chini ya kochi. Wachoraji wengi wa kuta humulika picha na kuifuatisha, na hilo si kosa. Lakini picha hii ni ya msanii mwingine, nimeiona mtandaoni ikiwa na sahihi yake.

Nilipopeleka ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kurudisha pesa za M-Pesa, kuomba pesa zirudishwe, alikuwa ameshazitoa. Nimeripoti polisi na nina nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumfunga hadi miaka mitatu mtu anayejipatia mali kwa hila, na kwa huyu hata mitatu naiona michache. Kwanza angelazimishwa kukwangua ukuta wangu kwa mikono yake mwenyewe mbele ya majirani.

Mwonekano wake ni wa heshima, kwa hiyo msimtafute kwa sura. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lile alilojitambulisha nalo, akadai ni laini ya kaka yake. Picha za kazi zake zilikuwa za mikono tofauti kabisa. Tena hakubali kuchora hata jicho moja ukiwa unamtazama. Aliyekwisha kumlipa aniandikie faraghani pamoja na ujumbe wake wa M-Pesa, ili malalamiko yafike kituoni kwa pamoja.